Siku Niliyoisifia Kompyuta Iliyoganda

Katika kundi letu la watazamaji watano, mimi ndiye niliyeitwa Profesa. Msidhani nilipewa cheo hicho kwa heshima. Nilipewa na binamu yangu, siku aliponihesabia neno "sinematografia" mara nne na filamu ilikuwa bado haijaanza.

Tulikuwa tukikutana kila Jumamosi usiku sebuleni kwa dada mkubwa. Alikuwapo dada mwenyewe, mumewe, yaani shemeji yangu, mtu mwenye kipaji cha kusinzia wakati trela bado inaendelea, binamu, kijana jirani mwenye projekta, na mimi mwenye maelezo.

Ugomvi wetu ulikuwa uleule kila wiki. Binamu anaamini filamu ni stelingi, ni adui, na mtu akipigwa anaanguka. Filamu za sanaa kwake ni mbwembwe tupu: mtu anatembea, anasimama, anautazama ukuta, halafu majina yanapanda. "Hao hawana hadithi, kaka," alikuwa akisema. "Wana kamera tu, na marafiki wa kuwapigia makofi."

Mimi nilikuwa na silaha zangu nilizozinoa kwa kusoma. Nilimkumbusha kwamba L'Avventura ya Antonioni ilizomewa katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 1960, na tamasha hilohilo likaipa Tuzo ya Majaji. Filamu ile inahusu mwanamke anayepotea kisiwani, wenzake wanamtafuta, kisha taratibu wanaacha hata kumtafuta. Nikauliza kwa sauti ya ushindi: "Waliozomea wako wapi leo?"

"Na yule mwanamke yuko wapi?" akauliza binamu.

Nikahamia silaha ya pili. Mwaka 2022, jarida la Sight and Sound lilipowauliza wahakiki wa dunia nzima filamu bora kuliko zote, ya kwanza ikatoka Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya mwaka 1975. Dakika 201, siku tatu za mama wa nyumbani: anapika, anatandika, anamenya viazi.

"Wewe umeitazama?"

"Mara kadhaa," nikasema.

Hapa nitubu. Niliitazama dakika 40, nikaisoma iliyobaki. Stalker ya Tarkovsky niliimaliza, ila kwa kasi maradufu, kisha nikawaandikia wenzangu ujumbe mrefu nikiusifia utulivu wake.

Kwa kuwa niliogopa watu wakipata nafasi watauliza maswali, niliweka sheria tatu za kundi. Kwanza, simu zizimwe. Pili, hakuna kusimamisha filamu wala kuigusa kompyuta ikishaanza. Tatu, hakuna kurudisha nyuma. "Muda uliopita umepita," nilieleza nikiwa nimefumba macho kidogo, "na sinema ni muda." Dada akaziandika kwenye karatasi akazibandika ukutani. Nadhani alifanya mzaha, lakini gundi ilikuwa ya kweli.

Basi ikafika zamu yangu ya kuchagua. Nikachagua The Turin Horse ya Béla Tarr, Mhungaria, ya mwaka 2011. Nyeusi na nyeupe, karibu saa mbili na nusu, na shoti zake zote, yaani vipande vilivyopigwa bila kukata, ni kama 30 tu. Filamu za ngumi anazopenda binamu zina shoti 30 kabla stelingi hajavuka barabara. Baba na binti wanaishi nyikani, nje upepo unavuma siku nzima, farasi amegoma. Wanakula kiazi kimoja kila mtu. Kesho yake wanakula tena kiazi.

"Kumbe ni ukoo mmoja," akasema binamu. "Yule mama anavimenya, hawa wanavila."

Shemeji alishasinzia. Sisi wengine tukatazama, ingawa kwa upande wangu nilikuwa natazama zaidi nyuso za wenzangu, nione nani anapiga miayo nimwandalie hoja. Binamu alinigusa bega. "Mkono wake wa kulia haufanyi kazi, umeona? Kiazi cha moto vile anakimenya kwa mkono mmoja." Sikuwa nimeona. Nikajibu kwamba hilo ni jambo dogo, tutazame taswira kwa ujumla.

Katika filamu ile kuna kiti cha dirishani. Baba anakaa pale akitupa mgongo, anatazama nje. Siku nyingine binti anakaa palepale. Basi tukafika mahali mtu amekaa dirishani, katulia tuli, na ghafla upepo uliokuwa ukivuma tangu mwanzo ukakatika. Kimya.

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nilikuwa nimesoma kwamba kuelekea mwisho dhoruba inakoma na taa zinagoma kuwaka. Ilikuwa mapema kidogo kuliko nilivyotarajia, lakini nikajiambia wasanii wakubwa hawafuati saa.

"Sikilizeni," nikanong'ona.

"Hakuna kitu," akanong'ona kijana jirani.

"Ndicho hicho. Sikilizeni hicho."

Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Mtu wa dirishani hata bega halikutikisika. Nikaona nisiiache nafasi ile ipotee bure. Nikaanza kueleza, kwa sauti ya chini ya mtu aliye msibani, kwamba mwongozaji wa kawaida angekuwa ameshakata. Kwamba hapa tunalazimishwa kukaa na yule mtu kama tunavyokaa na mgonjwa. Kwamba kila mtu ajiulize, ni nani anayetazama, ni nani anayetazamwa.

"Kaka," akasema kijana jirani, "samahani, naona kama..."

"Usione. Hisi."

Kijana ana adabu. Akanyamaza, akahisi.

Dada akauliza kama ile ndiyo shoti ndefu kuliko zote. Nikamwambia urefu haupimwi kwa dakika, ingawa kwa jicho la pembeni nilikuwa naiangalia saa ya ukutani, maana hata mimi nilianza kuona Béla Tarr kazidi. Zilikuwa zimepita dakika 11. Binamu alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, anaikodolea ile picha kama refa anayesubiri bondia ainuke. Nilidhani nimempata. Nilidhani hatimaye sanaa imemgusa.

"Profesa," akasema polepole, "sasa huyu anamaanisha nini kukaa hivi?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo miaka miwili. Nikasimama. Naapa nilisimama, mwanga wa projekta ukanipiga usoni, nikasema: "Sanaa kubwa, binamu yangu, haijibu."

Na hapo, juu ya kisogo cha yule mtu wa dirishani, kikafunguka kiboksi cheupe. Kijana jirani akakisoma kwa sauti, kwa adabu yake ileile:

"Programu haijibu. Unataka kuifunga, au kuendelea kusubiri?"

Sitaki kueleza kelele zilizofuata. Dada alikaa sakafuni. Binamu alikuwa akipiga mto kwa ngumi, huku akirudia "Usione, hisi! Usione, hisi!" mpaka shemeji akaamka, akasoma kile kiboksi kwa makini, akasema, "Mimi napiga kura tusubiri," akarudi kulala.

Kijana jirani alikiri baadaye kwamba aligundua tangu dakika ya kwanza. Alitaka kugusa kitufe, akaiona karatasi ya sheria ukutani.

Wiki nzima niliishi kwa tabu. Nikichelewa kujibu ujumbe, binamu anaandika: "Profesa haijibu. Tumfunge au tuendelee kusubiri?" Nikaapa kimoyomoyo kwamba kompyuta haitaniganda tena kichwani. Nilisoma sababu zote zinazofanya video ikwame: kumbukumbu kujaa, waya kulegea, programu ya kuchezea kupitwa na wakati. Jumamosi iliyofuata nilikuja na waya mpya mfukoni.

Zamu ilikuwa ya binamu. Nilitarajia risasi. Akasema tutatazama La Jetée ya Chris Marker, ya Ufaransa, mwaka 1962, dakika 28.

Nikashtuka. Kumbe yeye ni mpenzi wa 12 Monkeys, ile ya Bruce Willis ya mwaka 1995, na amezoea kusoma majina yote ya filamu mpaka yaishe, apate kuwajua waliocheza sarakasi. Humo ndimo alimokuta imeandikwa kwamba filamu ile imechochewa na La Jetée. Akaitafuta, akaitazama peke yake mara tatu. Na mimi? Jina nilikuwa nalijua. Jina tu.

"Unaijua, Profesa?" akaniuliza kwa upole ambao ulipaswa kunitisha.

"Ile? Bila shaka," nikasema. "Kamera yake inavyotiririka mle ndani! Kama maji."

Binamu akanitazama kwa muda. "Kama maji," akasema. Akabonyeza.

Ikaanza. Uwanja wa ndege wa Orly, Paris. Picha imesimama. Sauti ya msimulizi inaendelea kuzungumza, picha haiendi. Jasho likanitoka. Dalili zilikuwa zilezile nilizozisoma: sauti inakwenda, picha imekwama.

"Imeganda," nikasema.

"Tulia, Profesa."

Ikabadilika, ikaja picha nyingine. Nayo ikasimama. Ikaja nyingine. Nikamgeukia kijana jirani: "Inatoa picha mojamoja. Kumbukumbu imejaa." Akajibu, "Sawa kaka," bila kuyatoa macho ukutani. Dada naye hakunijali. Vita ya tatu imeuteketeza mji, watu wanaishi chini ya ardhi, mtu mmoja anarudishwa nyuma katika wakati kwa nguvu ya uso wa mwanamke aliyemwona utotoni, na wote mle sebuleni walikuwa wameshika pumzi kwa picha zilizokufa. Nikajisemea: maskini, wiki iliyopita walinicheka mimi, leo wanafanya kosa langu lilelile. Nisiwaache.

Nilivumilia kadiri nilivyoweza. Ikafika mahali yule mwanamke amelala kitandani, picha moja inayeyukia nyingine, usingizi juu ya usingizi, na ndege wakaanza kulia. Wakazidi. Wakazidi tena mpaka ikawa mlio mkali, na mimi nikajua sasa hata spika zinaungua. Nikainuka, nikachuchumaa nyuma ya meza, nikautoa waya wangu mpya mfukoni, nikatia mkono nyuma ya kompyuta.

Sebule nzima ikasema "Aaa!"

Siyo "aaa" ya kukerwa. Ile ya mtu aliyeguswa. Nikageuka haraka. Ukutani kulikuwa na picha nyingine, mwanamume mmoja kasimama, kimya.

"Nini? Nini kimetokea?"

Hakuna aliyejibu. Dada alikuwa na mkono mdomoni. Mpaka majina yalipopanda ndipo binamu akageuka na kunieleza, taratibu, kama anayempa mtu taarifa ya daktari. Filamu yote ile imetengenezwa kwa picha mgando, ndivyo mwongozaji mwenyewe alivyotaka. Isipokuwa sehemu moja ya sekunde chache. Yule mwanamke aliyelala anafumbua macho, anatutazama, anapepesa. Ndiyo mwendo pekee katika dakika 28.

"Rudisha nyuma," nikasema.

Binamu hakusema neno. Alinyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, sheria ya tatu.

"Lakini hata shemeji hajaona!" nikalalamika, waya ukiwa bado mkononi. "Tumwonee huruma shemeji!"

Shemeji, kumbe, ndege walikuwa wamemwamsha.

"Mimi nimeona," akasema kutoka kwenye kochi. "Alifumbua macho vizuri sana." Kisha akafumba yake.