Alama ya mteja isifungwe kwenye mshahara wa mhudumu

Ukimaliza kuzungumza na kituo cha huduma kwa wateja, ujumbe unaingia kwenye simu: kuanzia 0 hadi 10, uko tayari kiasi gani kutupendekeza kwa rafiki au ndugu? Mteja anabonyeza namba na kuendelea na shughuli zake. Kule alikopiga, namba ile inaingia kwenye ripoti ya mwezi ya mhudumu aliyepokea simu, na katika kampuni nyingi ndiyo inayoamua kama atapata bonasi, kama mkataba wake utaongezwa, hata kama atapangiwa zamu nzuri. Hapo ndipo watu wa ubora na wamiliki wa biashara wanapogawanyika. Wapo wanaosema kipimo kisichogusa mfuko wa mtu hakimshughulishi mtu. Wapo wanaosema kikishagusa mfuko, kinaacha kupima. Mimi naegemea upande wa pili, ingawa upande wa kwanza una hoja nzito ambazo wapinzani wake huzipita haraka mno.

Tuanze na hizo hoja. Kabla ya madodoso kuenea, aliyehudumiwa vibaya alikuwa na njia mbili, kunyamaza au kugombana. Sanduku la maoni lilikaa mlangoni na kufuli lake, na ufunguo alikuwa nao meneja yule yule anayelalamikiwa. Wafanyakazi nao waliumia. Mhudumu mtulivu, anayemaliza shida za watu bila makelele, alipitwa na mwenzake aliyejua kumzungukia bosi. Alama za wateja zilimpa ushahidi ambao hakuwahi kuwa nao. Mwenye matawi mengi hawezi kukaa kwenye kila kaunta. Bila namba atategemea maneno ya mameneja, na hakuna meneja anayeripoti kwamba tawi lake linanuna. Tena dodoso ambalo halibadilishi chochote huwachosha wanaolijaza. Wateja wanaacha kulijibu, wahudumu wanaacha kulisoma, na kampuni inabaki inakusanya namba za kupamba ripoti. Anayesema “weka fedha hapo ndipo watu waamke” hasemi kwa ukatili. Amechoka kuona dharau ikipita bila gharama.

Ugumu wenyewe unatokana na asili ya huduma. Kiwandani, kasoro inaweza kukamatwa kabla bidhaa haijatoka getini. Mhandisi wa Marekani Walter Shewhart alipochora chati yake ya kudhibiti ubora mwaka 1924, alikuwa akishughulika na vifaa vya simu vinavyoweza kupimwa, kulinganishwa na kuwekwa kando. Huduma inazalishwa na kutumiwa kwa wakati mmoja. Ushauri uliotolewa vibaya umeshatolewa. Simu iliyopokelewa kwa ukali imeshaumiza. Kwa hiyo biashara ya huduma haiwezi kukagua mwishoni. Inabidi isimamie namna kazi inavyofanyika, kisha imuulize aliyehudumiwa alipata nini.

Kiwango cha ISO 9001, kile cha kimataifa cha mifumo ya kusimamia ubora, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015, kinasimama hapo hapo. Kinaitaka taasisi ifuatilie wateja wanaonaje mahitaji na matarajio yao yalivyotimizwa. Hakitaji njia moja ya kufuatilia, wala hakiagizi mshahara ufungwe kwenye majibu. Na cheti chake kinashuhudia kwamba mfumo wa usimamizi upo na unafuatwa. Hakishuhudii kwamba mteja wa jana aliondoka ameridhika. Ni tofauti ambayo matangazo ya biashara hupenda kuifunika.

Kumuuliza mteja si jambo jepesi kama linavyoonekana. Watafiti wa masoko A. Parasuraman, Valarie Zeithaml na Leonard Berry walieleza mwaka 1985 kwamba ubora wa huduma ni pengo kati ya alichotarajia mteja na alichokiona. Mwaka 1988 wakatoa dodoso lenye vipengele 22 katika maeneo matano: mambo yanayoonekana kwa macho, kutimiza kilichoahidiwa, wepesi wa kuitikia, ujuzi na heshima vinavyompa mteja imani, na kumjali kama mtu. Katika tafiti zao, lililojitokeza kuwa na uzito kuliko yote ni kutimiza ahadi. Tabasamu na samani mpya vinafuata nyuma. Joseph Cronin na Steven Taylor waliwapinga mwaka 1992 wakisema inatosha kupima utendaji wenyewe, matarajio yaachwe. Mabishano hayo yaliendelea vyuoni kwa miaka, lakini yana maana kubwa kwenye kaunta: kama kuridhika ni pengo, basi kuna njia mbili za kulipunguza. Unaweza kuboresha kazi, au unaweza kuahidi kidogo. Kampuni inayomwambia mteja asubiri saa 72 kisha ikammalizia shida yake ndani ya saa 48 itapata alama nzuri kuliko ile iliyoahidi saa 24 ikatumia 30, ingawa ya pili imefanya kazi haraka zaidi.

Kisha mwaka 2003 mshauri wa biashara wa Marekani, Fred Reichheld, akapendekeza swali moja litoshe, lile la kupendekeza kwa rafiki. Wanaojibu 9 na 10 ni wapigadebe, 7 na 8 hawana upande, 0 hadi 6 ni walalamikaji. Toa asilimia ya walalamikaji kwenye ya wapigadebe, namba yako ni hiyo. Wakurugenzi waliipenda kwa sababu inaeleweka ndani ya dakika moja, na kwa wepesi huo huo ikaingia kwenye mikataba ya wafanyakazi. Reichheld mwenyewe, akiandika tena na wenzake mwaka 2021, alilalamika kwamba kampuni zimeifunga kwenye bonasi kiasi cha watu kujali alama kuliko kujifunza kumhudumia mteja. Mwanzilishi wa kipimo anapolalamikia matumizi yake, wanaokitumia wanapaswa kusimama na kusikiliza.

Tazama linavyokuwa kwa karibu. Mteja amekatwa fedha mara mbili kwa malipo mamoja. Anapiga simu. Mhudumu wa kwanza ana saa inayohesabu kwenye kioo chake. Anatakiwa amalize kila simu ndani ya dakika tano na apate alama 9 au 10. Anaona kosa, lakini kurudisha fedha kunahitaji idhini ya idara nyingine, na idara ile haipokei simu, inapokea fomu. Anajaza fomu, anaomba radhi kwa sauti ya upole, anamalizia: “Ukipata ujumbe wetu, naomba unipe 10, itanisaidia sana.” Mteja ni binadamu, anampa 10. Siku tatu baadaye fedha hazijarudi. Anapiga tena, anapokelewa na mwingine mpole vile vile, anajaza fomu nyingine, naye anapewa 10. Mara ya tatu mteja amekasirika, anatoa 2, na alama hiyo inamwangukia mhudumu wa tatu, ambaye huenda ndiye aliyehangaika kuliko wote na kumpata mtu wa idara ile. Kwenye ripoti ya mwezi, wawili wa kwanza wanang’aa na yule aliyetatua tatizo anaitwa ofisini.

Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mmoja alifanya alichopimiwa. Kosa limekaa kwenye utaratibu wa idhini, na anayeweza kuubadilisha hajaguswa na alama hata moja. Mtaalamu wa ubora wa Marekani, W. Edwards Deming, alirudia kwa miongo kwamba sehemu kubwa ya kasoro inatokana na mfumo, na mfumo ni kazi ya uongozi. Alitaka malengo ya namba kwa mfanyakazi mmoja mmoja yaondolewe. Walioona maneno yake ni ya kinadharia walipata funzo la gharama mwaka 2016, benki ya Wells Fargo ya Marekani ilipotozwa faini ya dola milioni 185 baada ya wafanyakazi, wakisukumwa na malengo makali, kuwafungulia wateja akaunti ambazo hawakuziomba. Makadirio ya wakati huo yalifika akaunti milioni 2, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa. Lengo pale lilikuwa mauzo, si kuridhika kwa mteja, lakini namna ilivyotokea ni ile ile: namba imefungwa kwenye riziki, na mtu wa chini anaitafuta namba kwa njia yoyote iliyo karibu naye.

Kuna shida nyingine, na naiona kubwa zaidi. Huduma nyingi mteja hana uwezo wa kuzipima kiini chake. Anajua kama fundi, wakili au daktari alimsikiliza. Hajui kama alichofanyiwa ndicho kilichostahili. Mwaka 2012 Joshua Fenton na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za watu wazima zaidi ya 50,000 nchini Marekani. Wagonjwa walioridhika zaidi na madaktari wao walitumia fedha nyingi zaidi za dawa, walilazwa zaidi, na hatari yao ya kufariki ilikuwa juu kwa asilimia 26 wakilinganishwa na wasioridhika. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba kuridhika kunaua, na watafiti wengine wameuhoji. Lakini unatosha kumzuia mwenye hospitali asiyafunge malipo ya daktari kwenye alama za tabasamu, maana daktari mwema wakati mwingine kazi yake ni kumnyima mgonjwa dawa aliyoifuata.

Wapo wanaotoka hapa na kusema basi tuachane na vipimo na taratibu, tuwaachie wahudumu utu wao. Siendi nao huko, na sababu yangu ni orodha ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Ina mambo 19 ya kuhakikisha: jina la mgonjwa, sehemu ya kupasuliwa, dawa za kuzuia maambukizi, kila aliyemo chumbani kujitaja jina na kazi yake kabla kisu hakijagusa ngozi. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, ikiwemo London, Manila na Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja tu. Anayebeza taratibu kwa jina la utu ajibu hapo kwanza.

Ila habari haikuishia 2009. Jimbo la Ontario, Kanada, liliitumia orodha hiyo kwenye hospitali zake zote, kwa agizo kutoka juu na kwa kutakiwa kuripoti hadharani kiwango cha matumizi. Hospitali ziliripoti kwamba zinaitumia karibu kila mara. Watafiti walipolinganisha hospitali 101 kabla na baada, kwenye matokeo yaliyotoka mwaka 2014, vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla na 0.65 baada, tofauti isiyotosha kusemwa kwamba orodha imefanya kazi. Maelezo yametolewa mengi, likiwemo kwamba vifo vilikuwa vichache tangu mwanzo. Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni lile la wapinzani wa agizo lenyewe: palipo na mafunzo na timu iliyoikubali, watu walisimama na kuulizana, palipo na agizo na ripoti, visanduku viliwekewa alama. Ukihesabu visanduku, utapata visanduku.

Kwa hiyo utaratibu na uhuru wa mhudumu si maadui kama vinavyochorwa. Hoteli za Ritz-Carlton, zilizoshinda tuzo ya ubora ya Malcolm Baldrige ya Marekani mwaka 1992 na tena 1999, zinajulikana kwa viwango vikali vya kazi. Ni hizo hizo zilizomruhusu mfanyakazi yeyote kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja kurekebisha jambo bila kumuuliza meneja. Biashara ndogo haina dola 2,000, ila kila biashara inaweza kutaja kiasi. Mhudumu wa kwanza kwenye kisa cha fedha zilizokatwa mara mbili hakuhitaji mafunzo mengine ya upole. Alihitaji ruhusa ya kurudisha fedha zinazoonekana wazi kwamba zimekatwa kimakosa.

Nibaki na hoja ya upande wa kwanza niliyosema ni nzito: bila fedha, nani atajali? Jibu langu ni kwamba fedha ziwekwe kwa mwenye mamlaka. Malalamiko yale yale yakijirudia miezi mitatu, yaguse malipo ya meneja wa utaratibu ule, si ya aliyepokea simu. Mhudumu apate maoni ya mteja siku hiyo hiyo, kwa maneno ya mteja mwenyewe, kama kitu cha kujifunzia, na mwenye dharau ashughulikiwe na msimamizi aliyesikiliza simu zake, kwa ushahidi. Hapa nakiri gharama: msimamizi anayesikiliza simu ni ghali kuliko dodoso linalojituma lenyewe, na kampuni ikishaweka wahudumu sitini chini ya msimamizi mmoja, haina njia nyingine ila namba. Mara nyingi bonasi ya alama imewekwa kuziba nafasi ya usimamizi uliokatwa kwenye bajeti.

Na hata mpango huo unawaacha nje wateja ambao dodoso haliwafikii: walioondoka. Hao hawatoi 2 wala 10. Majina yao yamo kwenye kumbukumbu za kampuni, pamoja na tarehe ya mwisho waliyotumia huduma, na kwa kawaida hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuwapigia na kuwauliza kilichowaondoa. Kama ningekuwa na fedha za bonasi za mwaka mmoja tu za kuelekeza kwingine, ningezipeleka huko.