Linafanya Hivi, Fundi: Kwichi-Kwichi, Halafu Ko!

Hakuna kazi inayomvunjia mtu mzima heshima kama kuigiza mlio wa gari mbele ya fundi. Unasimama na mvi zako, unabinua midomo: "Kwichi, kwichi, kwichi... halafu ko!" Vijana wa gereji wanakutazama kwa huruma. Kisha fundi anaingia, anazunguka nalo kidogo, na gari lenyewe limetulia kama bwana harusi mbele ya wakwe. "Mbona liko poa, mzee?" Liko poa! Mimi ndiye mgonjwa.

Langu ni foo wili ya zamani, yaani injini inaweza kusukuma magurudumu yote manne, yenye ekseli nzima mbele na nyuma, transifa ya mkono (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), na habu za mbele za kufunga kwa mkono, zinazounganisha magurudumu na shafti zake. Maana yake huko chini kuna propela mbili (vyuma virefu vinavyopeleka mzunguko kwenye ekseli), difu mbili (gia zinazogawa mzunguko huo kwa magurudumu ya pande mbili) na krosi zisizopungua nne (viungo vya kwenye ncha za propela), na kila kimoja kina malalamiko yake. Ukimpa mtu lifti, hajafunga mkanda ashakuwa mtaalamu. Jirani kasema difu ya mbele imekwisha. Shemeji kasema beringi. Mke wangu ana dawa moja tu: anaongeza sauti ya redio.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana: je, mlio unafuata injini au unafuata magurudumu? Gari likiwa kwenye mwendo, barabara ikiwa nyeupe, weka nyutro uache injini ishuke pumzi. Mlio ukiendelea vilevile, giaboksi huko mbele na klachi waache kwanza wapumzike. Tafuta kuanzia transifa kwenda kwenye magurudumu. Klachi nayo ina tabia yake: gari limesimama, liko nyutro, ukikanyaga pedali ndipo linalia, shuku beringi ya klachi. Likinyamaza ukikanyaga, ogopa beringi ya shafti inayoingia giaboksi, na uanze kuweka akiba.

Langu lilifuata magurudumu. Sawa, lakini gurudumu lenyewe au propela? Hapo ndipo hesabu za shule zinapokudai. Difu yenye uwiano wa 4.1 inataka propela izunguke mara 4 na ushee ili tairi lizunguke mara 1. Kwa hiyo mlio wa propela una haraka, wa tairi unajivuta. Nikashusha vioo, nikaenda polepole kando ya ukuta mrefu, kwa sababu ukuta unarudisha sauti. Mlinzi alitoka na rungu. Jaribu wewe kumweleza mtu mwenye rungu kwamba unahesabu kwichi.

Kuna na mngurumo, huo ni ukoo mwingine. Ukikata kushoto uzito unaegemea kulia. Ukizidi kunguruma hapo, shuku beringi ya gurudumu la kulia. Ukibadilika kila barabara inapobadilika, hayo ni matairi yako ya matope yenye meno, usiwasumbue watu. Difu haijali lami wala changarawe. Yenyewe inapiga mluzi ukikanyaga mafuta na kubadili sauti ukiachia. Na wale wanaofunga foo wili kwenye lami kavu halafu wanashangaa gari linarukaruka kwenye kona, sina la kuwasaidia. Transifa ya namna hii haina difu ya katikati ya kuziachia ekseli mbili zitofautiane mwendo. Ekseli ya mbele na ya nyuma zinapita njia zisizolingana urefu, zinavutana. Hata mimi ningeruka.

Turudi kwa kwichi zangu: zilikuwa na haraka, basi ni propela, lakini ipi? Nikafungua habu za mbele, transifa ikiwa kwenye tuu wili (nguvu kwa ekseli ya nyuma tu), ili propela ya mbele isizunguke kabisa. Nikaondoka: kwichi, kwichi. Yaani difu ya mbele ilisingiziwa bure, na jirani hajaomba radhi mpaka leo.

Nikazuia matairi kwa mawe, nikaweka nyutro, nikajipenyeza chini. Nikaishika propela ya nyuma na kuisokota huku na huku. Krosi ikacheza: ko, ko. Pembeni ya kikombe chake unga mwekundu wa kutu, vijiti vya beringi vimekauka kabisa. Ndiyo maana ilikuwa inagonga kila nikitoka mbele kwenda rivasi. Nipeli ya grisi ipo pale pale, imezibwa na tope lililogeuka jiwe.

Fundi akabadilisha krosi, akapiga grisi, akanikabidhi ufunguo kwa majivuno. Kimya kitamu! Mpaka kwenye tuta la kwanza: kra-ngaa! Tuta la pili: kra-ngaa! Kitu kinaburuza chuma juu ya chasisi, hakifuati injini, hakifuati gurudumu, kinafuata matuta tu. Hakimo kwenye elimu yangu yote.

Simu ikaita. Fundi.

"Shikamoo mzee. Samahani, hujaiona spana yangu namba 14?"

"Marahaba. Sijaiona, lakini naisikia."