Kaskazini Si Juu ya Ubao

Mwulize mtoto wa gredi ya nne mjini Lamu kaskazini ni wapi, atanyoosha kidole kwenye dari. Usimcheke. Ramani ya Kenya ameiona imetundikwa ukutani, na K imeandikwa juu.

Ramani ile ishushwe sakafuni, na mwalimu aanze na kibla, upande wa Makka wanaouelekea Waislamu wakiswali. Makka iko karibu kaskazini kamili mwa Lamu, kwa hiyo kila mihrabu mjini, kile kishubaka cha msikitini kinachoonyesha kibla, ni dira tosha kwa somo hili. Anayeelekea kibla ana kisiwa cha Manda kulia, kijiji cha Matondoni kushoto, kijiji cha Shela mgongoni. Hata mtoto asiyeswali anajua msikiti wa mtaani kwake umeelekea wapi. Maneno yenyewe anayo mdomoni: kaskazi na kusi ni pepo za manahodha, Magharibi ni sala ya jua likizama. Izungushe ramani mpaka K ielekee kibla, ndipo mtoke nje.

Huko nje watoto wachore ramani yao ya njia: hatua 200 za Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuanzia uwanja wa Mkunguni zinatosha. Watoto watano kwa kikundi: mmoja ahesabu hatua, mmoja aandike, wawili watazame kila mmoja upande wake, wa tano aangalie punda (kazi hii si mzaha). Hatua 10 ziwe sentimita 1, mchoro utaenea kwenye ukurasa mmoja. Mhesabuji asibadilishwe njiani, maana hatua za watoto hazilingani na kipimo chote kitaharibika. Kosa jingine ni njia kuchorwa imenyooka kama rula. Dawa yake ni kuandika idadi ya hatua kila wanapofika penye kona. Kipindi cha dakika 35 hakitoshi, tafuta viwili vinavyofuatana.

Mwaka 1821, Ngome ya Lamu iliyoko Mkunguni ilipokamilika, utafundishika vizuri zaidi mtoto akishaiweka Ngome mahali pake kwenye karatasi.

Kuhusu jua, kanuni ya "huchomoza mashariki" ina kasoro. Mwezi Juni linachomoza digrii 23 hivi kaskazini zaidi. Simika kijiti cha mita 1 uwanjani, mtie alama kivuli kinapokuwa kifupi kabisa, kati ya saa sita na robo na saa sita unusu. Februari kitalala upande wa kibla. Katikati ya Juni kitakuwa kimegeukia Shela, urefu karibu sentimita 48. Alama ya Februari isifutwe, bila hiyo watoto hawatasadiki.