Ikulu yatangulia, Wizara yafuata: kuipima diplomasia ya William Ruto

Siku moja baada ya kuapishwa, tarehe 14 Septemba 2022, Rais William Ruto wa Kenya alimpokea waziri wa mambo ya nje wa Moroko, Nasser Bourita, kisha akaandika kwenye Twitter kwamba Kenya imefuta utambuzi wake wa Jamhuri ya Sahara Magharibi, eneo ambalo Moroko inadai ni lake. Rais wa jamhuri hiyo, Brahim Ghali, alikuwa miongoni mwa wageni waliohudhuria sherehe ya kuapishwa jana yake. Ujumbe ule ukafutwa. Siku mbili baadaye Macharia Kamau, aliyekuwa Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje, akatoa waraka: sera ya nje ya Kenya haiendeshwi kwenye Twitter wala mtandao mwingine wa kijamii, na msimamo wa nchi ni uleule.

Mjadala kuhusu diplomasia ya Ruto hugeuzwa haraka kuwa swali la kambi: yuko na Marekani au China, na Ulaya au Ghuba? Swali hilo halielezi mengi, kwa sababu Kenya imekopa na kufanya biashara na wote hao chini ya marais waliomtangulia pia. Ukiyapanga mafaili ya miaka hii mezani, mengi yanagawanyika kwa njia nyingine: yale ambayo karatasi zilikuwa tayari kabla ya tangazo, na yale ambayo tangazo lilitoka kwanza, maofisa wakaachwa wakitafuta karatasi za kulifunika.

Sheria ya Kenya iko wazi kuhusu mpangilio. Kifungu cha 132(5) cha Katiba ya 2010 kinamtaka Rais ahakikishe majukumu ya kimataifa ya nchi yanatekelezwa kupitia mawaziri wanaohusika. Sheria ya Kuunda na Kuridhia Mikataba ya 2012 inaeleza safari yenyewe: wizara husika huandaa hoja, Baraza la Mawaziri huikubali, mazungumzo hufanyika, mkataba hutiwa saini, Bunge huujadili na kuwasikiliza wananchi, ndipo hati ya kuridhia hutolewa. Safari ni ndefu kwa sababu nzuri. Kwa mujibu wa Kifungu cha 2(6), mkataba ulioridhiwa huwa sehemu ya sheria za Kenya; saini iliyowekwa ugenini inaweza kumfunga mkulima wa Kericho. Lakini sheria hiyohiyo ina mwanya. Makubaliano ya nchi mbili yanayohusu shughuli za kawaida za serikali, au mambo ya kiufundi na kiutawala, hayalazimiki kupita njia hiyo. Basi yakiitwa "mfumo wa ushirikiano" badala ya mkataba, Bunge linaweza kuyasoma magazetini kama raia wengine.

Haiti ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi gharama ya kugeuza mpangilio. Mwishoni mwa Julai 2023, Alfred Mutua, wakati huo waziri wa mambo ya nje, alitangaza kwamba Kenya iko tayari kupeleka polisi 1,000 na kuongoza kikosi cha kimataifa dhidi ya magenge. Tarehe 2 Oktoba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2699 kwa kura 13, China na Urusi zikijizuia. Wiki hiyo hiyo ilipokwisha, mwanasiasa Ekuru Aukot na wenzake walikuwa wameshafika Mahakama Kuu. Bunge liliidhinisha safari hiyo mwezi Novemba, ila Bunge halikuwa tatizo. Tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa la Kenya linaweza kupeleka wanajeshi nje ya nchi, si polisi. Polisi wanaweza kwenda tu katika nchi yenye makubaliano ya kusaidiana na Kenya kama Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inavyotaka, na Haiti haikuwa nayo.

Kwa hiyo hati iliyopaswa kuwa mezani Julai 2023 ilikuja kutiwa saini tarehe 1 Machi 2024, na ili isainiwe ilibidi Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, asafiri hadi Nairobi. Akiwa nje, magenge yaliungana, yakavunja magereza na kuufunga uwanja wa ndege. Henry hakuweza kurudi. Aliishia Puerto Rico na kabla ya katikati ya Machi akawa ametangaza kujiuzulu. Si haki kusema karatasi ya Kenya ndiyo iliyomwangusha. Nchi yake haikuwa imefanya uchaguzi tangu 2016, na uhalali wake ulikuwa umechakaa. Hata hivyo, kama wanasheria wa Serikali wangesoma sheria ya polisi kabla ya tangazo, asingekuwa na sababu ya kupanda ndege ile. Polisi 400 wa kwanza walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, miezi 11 baada ya ahadi. Ilikuwa siku ileile vijana walipovamia Bunge Nairobi kupinga mswada wa fedha, na swali la kwa nini polisi wanasafirishwa kutuliza mji wa watu likaulizwa kwa sauti kubwa zaidi.

Upande wa utetezi una hoja nzito hapa. Ugonjwa mkuu wa kikosi hicho ulikuwa fedha, na huo haukutoka Nairobi. Azimio 2699 lilikipa kikosi idhini bila bajeti: michango ilikuwa ya hiari kupitia mfuko maalumu, tofauti na walinda amani wa kawaida wa Umoja wa Mataifa ambao hulipiwa na michango ya lazima ya nchi wanachama. Kilipangwa kiwe na watu 2,500. Kilifika kama 1,000. Kikosi chenye asilimia 40 ya watu wake kinaweza kuukomboa mtaa, lakini hakina wa kuulinda usiku, na magenge hurudi. Kenya ililalamika mara nyingi, na tarehe 30 Septemba 2025 Baraza la Usalama likakubali kwa vitendo: azimio 2793 likaunda kikosi kipya cha watu 5,550 chenye ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kukihudumia. Wanaomtetea Ruto husema bila Kenya kujitosa kwanza, hata hilo lisingezaliwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini walioilipia ni polisi wa Kenya, na baadhi yao hawakurudi hai.

Kuna na faida iliyokuja kwa njia ya pembeni. Mei 2024 Ruto alikuwa rais wa kwanza wa Afrika kufanya ziara rasmi ya kitaifa Washington tangu 2008, na tarehe 24 Juni, mkesha wa kutua Haiti, Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kutangazwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO. Cheo hicho husikika kikubwa kuliko kilivyo. Kinaipa nchi kipaumbele katika silaha za ziada za jeshi la Marekani na nafasi ya kushindania zabuni fulani; hakiilazimishi Marekani kumtetea mtu. Na hutolewa na rais, hivyo rais mwingine anaweza kukiondoa. Baada ya Ruto kuzuru Beijing Aprili 2025 na kuzungumzia Kenya na China kama wajenzi wa pamoja wa mpangilio mpya wa dunia, Seneta James Risch wa Marekani alipendekeza, Agosti mwaka huo, cheo hicho kipitiwe upya.

Sasa tuangalie mafaili yaliyokwenda sawa, kwa sababu wakosoaji wenye kupenda methali ya haraka na baraka huyaruka. Mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini 18 Desemba 2023 na kuanza kutumika 1 Julai 2024, miezi sita na nusu tu. Mbona haukukwama? Kwa sababu maandishi yake yalikuwa yamepigwa msasa tangu 2014. Mwaka huo, kati ya Oktoba na Desemba, maua ya Kenya yalitozwa ushuru Ulaya, na kila mtu Naivasha alikumbuka maumivu hayo. Majirani wengi hawakuwa na haraka: wao huhesabiwa nchi maskini zaidi na huingia soko la Ulaya bila ushuru hata bila mkataba. Bunge la Tanzania liliukataa 2016. Februari 2021 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliruhusu aliye tayari atangulie, na Ruto akakuta njia imefyekwa. Wapo wanaodai kwamba nchi moja kwenda peke yake kunautoboa umoja wa forodha, na hoja yao haijajibiwa vya kutosha. Kama kazi ya kidiplomasia, hata hivyo, ilifanywa kwa utaratibu.

Mikopo ya reli ya SGR nayo iliendeshwa hivyo. Kenya iliikopa kwa dola kutoka Benki ya Exim ya China, kwa sehemu kubwa kwa riba inayopanda na kushuka na soko. Riba ya dola ilipopanda baada ya 2022, malipo yakavimba. Oktoba 2025 Hazina ikatangaza kwamba mikopo mitatu imegeuzwa kuwa ya yuani, kwa akiba ya takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Mazungumzo yalifanyika kimya na tangazo likaja mwisho. Hatari iliyobaki ni kwamba Kenya huuza kidogo sana China kuliko inavyonunua huko, hivyo yuani za kulipia itabidi zinunuliwe. Sarafu hiyo ikipanda, akiba itapungua.

Kipimo hiki cha karatasi kina mipaka yake, na Sudan ndiyo inayoionyesha. Februari 2025 wapiganaji wa RSF, kundi lililo vitani na jeshi la Sudan tangu 2023, na washirika wao walikutana Nairobi na kusaini hati ya kuunda serikali yao. Serikali ya Sudan ikamwita nyumbani balozi wake, na mwezi Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya. Sudan ilikuwa mnunuzi mzuri wa chai, na soko la mnada Mombasa lililihisi pengo. Nairobi ilijitetea kwamba imetoa tu uwanja wa mazungumzo, kama ilivyofanya kwa Wasudani zamani. Mfano huo unaigeukia. Mazungumzo yaliyoanzia Machakos 2002 na kuzaa mkataba wa amani uliosainiwa Nairobi 9 Januari 2005 yalikuwa chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, Jenerali Lazaro Sumbeiywo akiyaongoza, na serikali ya Khartoum na waasi wote walikuwa chumbani. Mwaka 2025 alikuja mmoja, na huyo mmoja Marekani ilikuwa imetangaza Januari kwamba wapiganaji wake wametenda mauaji ya kimbari. Tayari 2023 jeshi la Sudan lilikuwa limemkataa Ruto asiongoze jopo la IGAD likimwona ana upande. Msuluhishi hana mtaji mwingine zaidi ya kukubaliwa na pande zote. Akikataliwa na mmoja, ukumbi ni ukumbi tu. Hapa hata nyaraka safi zisingesaidia, kosa lilikuwa katika uamuzi wenyewe. Wakosoaji huongeza kwamba Kenya ilikuwa imetoka kusaini mkataba wa kiuchumi na Falme za Kiarabu tarehe 14 Januari, nchi inayoshutumiwa kuisaidia RSF na inayokana. Tarehe zinakaribiana, zaidi ya hapo ni dhana.

Siku chache kabla ya mkutano huo, tarehe 15 Februari, Raila Odinga, mgombea wa Kenya, alishindwa uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Aliongoza duru mbili za mwanzo, kisha Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti akamaliza kwa kura 33 katika duru ya saba. Kura ni ya siri, kwa hiyo anayesema anajua nani alimwacha anabahatisha.

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ni kosa dogo lenye somo la kitabuni. Agosti 2025 Ikulu ilimtaja balozi mdogo wa Kenya katika mji huo, ulioshikwa na waasi wa M23 tangu Januari. Kinshasa, yaani serikali ya Kongo, ikapinga. Mkataba wa Vienna wa 1963 unasema ofisi ya ubalozi mdogo hufunguliwa kwa ridhaa ya nchi mwenyeji, na mkuu wake huanza kazi kwa kibali chake. Kibali hicho ni cha Kinshasa kutoa, huku mji wenyewe ukiwa mikononi mwa waasi. Yeyote anayepeleka afisa huko lazima aombe ruhusa kwa mmoja na ulinzi kwa mwingine. Swali hilo huulizwa kwa barua ya faragha kwanza, hasa na nchi iliyokwisha kuiudhi Kinshasa Desemba 2023, mwanasiasa wa Kongo Corneille Nangaa alipozindua muungano wake na M23 katika hoteli ya Nairobi.

Na Sahara Magharibi? Mei 2025 Musalia Mudavadi, akiwa waziri wa mambo ya nje, alikwenda Rabat, akafungua ubalozi, na taarifa ya pamoja ikautaja mpango wa Moroko wa kuipa Sahara utawala wa ndani kuwa ndiyo njia pekee ya kuaminika. Kwa hiyo Ruto alifika karibu na pale alipotaka kufika siku ya kwanza. Wafuasi wake husoma hapo kwamba aliona mbali. Lakini 2022 serikali mpya ilikuwa imeahidi mbolea nafuu, na Moroko ni jabali la fosfeti. Ubalozi na msimamo vingeweza kuuzwa kwa bei, kipengele kwa kipengele. Ukishatangaza unachokwenda kutoa, mwenzako hana sababu ya kulipia.

Faili la mwisho hapa ni la afya. Tarehe 4 Desemba 2025 Kenya ilikuwa ya kwanza kusaini na serikali ya Trump mpango wa miaka 5: dola bilioni 1.6 kutoka Marekani, na Kenya kuongeza milioni 850 zake. Kwa nchi ambayo dawa za ukimwi zimetegemea msaada huo miaka mingi, kuwahi foleni kulikuwa na maana. Ulisainiwa kama mfumo wa ushirikiano. Siku 7 baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu inayohusu kuhamisha data za wagonjwa, suala ambalo Kenya ina sheria yake mahususi tangu 2019.