Kosa Lisilopiga Kelele

Mashine ikizima kazini kwetu hakuna anayeshtuka. Ikitoa moshi tunachomoa waya, kesho tunaanza upya. Ninayoiogopa ni ile inayokosea hesabu kisha ikaendelea na kazi macho makavu, kama vile hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi, na kadiri miaka inavyokwenda naona sisi wenyewe tunaifungulia mlango kwa haraka zetu.

Mimi ni mhandisi wa uhakiki katika kampuni inayotengeneza chipu za akili mnemba, huku Santa Clara, California. Sichori chipu. Wenzangu wanachora, mimi nahangaika na mchoro wao mpaka niukute umekosea, au niridhike kwamba haujakosea. Nyumbani wakisikia "akili mnemba" wanadhani nashinda nikizungumza na roboti. Siku zangu nyingi zinaishia kwenye kulinganisha namba na namba: hii ndiyo iliyotarajiwa, hii ndiyo iliyotoka, zinafanana au hazifanani. Ni kazi ya subira, na naipenda sana.

Ili uelewe kwa nini ni ngumu, fikiria kuzidisha tu. Jibu lolote linalokujia kwenye simu kutoka kwa programu ya akili mnemba limetokana na kuzidisha na kujumlisha, mabilioni kwa mabilioni. TPU ya kwanza ya Google, chipu yao ya akili mnemba iliyoanza kutumika kwenye vituo vyao vya data mwaka 2015, ilikuwa na vizidishi 65,536 vilivyopangwa safu 256 kwa 256, vikipeana namba kama mafundi waliojipanga mstari wakirushiana matofali. Sasa chukua kizidishi kimoja tu, kinachopokea namba mbili za biti 32, yaani kila namba imeandikwa kwa tarakimu 32 za sifuri na moja. Ukitaka kukijaribu kwa kila jozi ya namba inayowezekana, hata ukijaribu jozi bilioni moja kila sekunde usiku na mchana, utamaliza baada ya zaidi ya miaka 580. Kizidishi kimoja! Chipu ya H100 ya NVIDIA, iliyotangazwa mwaka 2022, ina transista bilioni 80, zile swichi ndogo mno za umeme.

Kwa hiyo hatuwezi kujaribu kila kitu. Tunachagua. Sehemu nyingine tunazithibitisha kwa hisabati, karatasi na kalamu ya kompyuta, hatua kwa hatua mpaka pasiwe na shaka. Nyingine tunazimwagia namba za bahati nasibu, mamilioni kwa mamilioni, tukitumaini mojawapo itafumua kosa. Zinazobaki tunazifuata kwa hisia ya mtu aliyeumwa na nyoka, ambaye hata ung'ongo unamshtua.

Na tumeumwa kweli. Mwaka 1994 profesa wa hisabati wa chuo kimoja cha Virginia, Thomas Nicely, aliona majibu yake hayakubaliani. Alihangaika miezi kabla ya kujua kwamba kosa si lake: chipu ya Pentium ya Intel ilikuwa ikikosea kugawanya. Ukigawa 4,195,835 kwa 3,145,727 jibu sahihi linaanza na 1.3338. Ile chipu ilitoa 1.3337. Sababu yake ilikuwa jedwali dogo ndani ya chipu, ambamo nafasi kadhaa zilizopaswa kuwa na namba ziliachwa tupu. Intel ilitenga dola milioni 475 kugharamia kosa hilo. Kilichonigusa siku nilipolisoma chuoni ni kwamba mamilioni ya kompyuta zilikuwa zimeshauzwa na zinafanya kazi, na hakuna hata moja iliyolalamika.

Nitasimulia letu, la hivi karibuni.

Chipu zilirudi kutoka kiwandani Taiwan zikiwa kwenye trei nyeusi za plastiki, kila moja kwenye kijumba chake kama yai. Mchoro tulikuwa tumeupeleka miezi kadhaa nyuma. Siku ya kuupeleka tunaiita tepauti, na ukishaupeleka hakuna kufuta wala kuongeza. Ukigundua kosa unarudia safari nzima, kwa mamilioni ya dola na miezi mingine ya kusubiri. Nilivaa ule mkanda wa mkononi unaoteremsha umeme wa mwili ardhini, nikaibana chipu ya kwanza kwenye soketi, tukawasha. Ilipoitika, watu wazima walikumbatiana.

Wiki mbili kila jaribio lilipita. Wiki ya tatu nikaifunza modeli ndogo, yaani programu ya akili mnemba inayojifunza kutoka kwenye data, mara mbili, data ileile, mpangilio uleule, chipu ileile. Kwenye chipu yetu, hesabu ikirudiwa hivyo lazima ifanane mpaka tarakimu ya mwisho. Haikufanana.

Tuliwinda siku 19. Tulipolikamata lilikuwa biti moja. Namba iliyopaswa kuwa 3F80 ilitoka 3F00. Kwa mtindo tunaoandikia namba za biti 16, ya kwanza ni moja kamili na ya pili ni nusu. Moja iligeuka nusu, hapakuwaka taa nyekundu, hapakutoka ujumbe wowote wa hitilafu, na hesabu iliyofuata ikaipokea ile nusu na kuendelea nayo.

Ilitokea pale tu chipu ilipopata joto, ikatulia kidogo, kisha vizidishi vyote vikaamshwa kwa mpigo. Aliyekulia Dar ataelewa mara moja: umeme ukirudi mtaani baada ya kukatika, friji, feni na pampu za maji zote zinavuta pamoja, na taa zinafifia kwanza ndipo zinasimama. Ndani ya chipu ni hivyohivyo, ila kufifia kwenyewe ni kwa nanosekunde chache, na nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni. Zilitosha. Saketi iliyokuwa mwisho wa njia ndefu haikuwahi kumaliza kazi yake kabla mpigo uliofuata wa saa ya chipu, ule unaoongoza kila hatua ya hesabu, haujagonga. Dawa ilikuwa programu fupi inayoviamsha vizidishi kwa zamu, kundi baada ya kundi. Kasi ilipungua kidogo, na tulilaumiwa kwa hiyo kasi kuliko tulivyopongezwa kwa kulikamata kosa.

Linaloniuma ni hili. Mwenzetu mmoja, mtu mzima aliyeanza kazi hii kabla mimi sijaingia sekondari, alikuwa ameomba kikaoni wiki sita zaidi za kuchunguza namna umeme unavyoyumba kazi inapoanza ghafla. Nilikuwepo nikisikia. Aliambiwa ratiba haina nafasi. Katika zile siku 19 hakusema hata mara moja kwamba alituonya. Alikuja kila jioni na chupa yake ya chai, akavuta kiti, akasoma namba pamoja nasi.

Wapo wanaosema akili mnemba inavumilia makosa madogo, kwamba modeli yenye mabilioni ya namba haiwezi kuyumbishwa na moja. Nimebishana nao sana. Ni kweli kwa makosa ya kukadiria, pale 1.002 inapoandikwa 1.0, modeli inayameza na hata hushiba. Lakini kosa la chipu halichagui mahali. Kwenye namba ileile ya 3F80, biti ikigeuka upande wa chini kabisa hutaona tofauti. Ikigeuka ile ya juu karibu na alama ya kujumlisha na kutoa, moja inakuwa namba isiyo na mwisho. Huwezi kujua litaangukia wapi, na ukiwa na maelfu ya chipu zinazofanya kazi pamoja, litaanguka kila mahali.

Wala haya si ya kampuni moja. Mwaka 2021 wahandisi wa Google walieleza hadharani kwamba katika kila maelfu kadhaa ya mashine zao kuna viini vichache, zile sehemu za chipu zinazopiga hesabu, vinavyokosea kimyakimya. Meta, wenye Facebook, walipofunza modeli yao kubwa ya Llama 3 kwa chipu 16,384 za H100, katika siku 54 kazi ilikatika bila kutarajiwa mara 419, wastani wa mara moja kila saa tatu hivi. Mara nyingi chanzo kilikuwa vifaa vyenyewe. Sita kati ya hizo waliziandika kuwa ni data iliyoharibika kimya. Nawaheshimu kwa kutoa hesabu hiyo bila kuficha. Ila kila nikiitazama ile sita najiambia kwamba hizo ni zilizokamatwa.

Sasa weka juu yake mbio. Mwaka 2024 Jensen Huang, mkuu wa NVIDIA, alitangaza kwamba wataleta kizazi kipya kila mwaka, na tangu hapo kila mshindani anakimbia kwa mdundo huo. Kuchora chipu kubwa kunachukua miaka miwili mpaka mitatu, na kiwandani inakaa miezi. Mwaka hauongezeki miezi kwa sababu bosi ametangaza jambo jukwaani. Muda lazima upunguzwe mahali, na uhakiki uko mwishoni mwa mstari, karibu na tepauti, kwa hiyo ndio unaokatwa. Katika uchunguzi wa Wilson Research Group na Siemens wa mwaka 2024, ni 14% tu ya miradi ya chipu iliyofanya kazi sawasawa kwa mara ya kwanza. Miaka miwili kabla ilikuwa 24%. Zipo sababu nyingine, chipu zenyewe zimekuwa ngumu zaidi, lakini mimi niliyekaa kwenye vikao hivyo sihitaji kuambiwa kwamba haraka imo.

Naelewa kwa nini wakubwa wanakimbia. Kampuni ikichelewa miezi sita wateja wanahama, na wenzangu wengi wana nyumba za kulipia na watoto shuleni. Sitaki kampuni yetu ife. Ninachokataa ni kuona muda wa uhakiki ukihesabiwa kama mafuta ya kupunguza.

Halafu kuna jambo ambalo wenzangu huku hawalijui kama ninavyolijua mimi. Nyaya za shaba ndani ya chipu zimevishwa ngozi nyembamba ya tantalamu ili shaba isipenye pembeni. Tantalamu hutoka kwenye koltani, na koltani nyingi ya dunia inachimbwa Kongo na Rwanda. Moja ya machimbo makubwa ni Rubaya, kule Masisi, Kivu Kaskazini, eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya sokoni. Watu wanashuka shimoni na sululu, na Aprili 2024 mji huo uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Hapa ofisini neno "tantalamu" ni mstari mmoja kwenye fomu za wasambazaji. Mimi nikilisoma nasikia sauti za watu ninaoelewana nao bila mkalimani. Tukitupa kundi zima la chipu kwa sababu hatukutaka kungoja wiki sita, ninaona pia kilichochimbwa.

Mama yangu alikuwa karani wa benki Tanga. Katika zile siku 19 nilimpigia saa nne usiku kwangu, kwake ilikuwa saa mbili asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona sauti hiyo? Hujalala?"

Nikamweleza kwa kifupi, mashine inakosea mara moja moja na hatujui wapi. Hakuuliza mashine gani. Aliniambia kwamba kwao jioni hesabu ilipokuwa imezidi shilingi kumi, hakuna aliyeondoka, kwa sababu kilichozidi kwako kimepungua kwa mtu mwingine, na huyo mtu yuko nyumbani kwake hajui. Wageni walidhani ni ukali wa meneja. Wao makarani waliona ni heshima kwa mwenye akaunti.

Namfikiria sana huyo mwenye akaunti. Siku hizi madaktari wanaletewa picha za mapafu zilizosomwa na mashine, na mkulima anapiga picha jani la muhogo ili simu imwambie ugonjwa. Jibu likitoka na kosa lililozaliwa kwenye saketi, yeye hana namna ya kulijua. Hana simulesheni ya kuigiza chipu, hana osiloskopu ya kuona umeme unavyoyumba, hana siku 19. Ana imani tu kwamba sisi tuliomtangulia tulihesabu.

Chipu yetu inayofuata itapelekwa kiwandani kabla ya mwisho wa mwaka. Safari hii mimi ndiye niliyesimama kikaoni kuomba wiki nane za kujaribu umeme na joto. Nimepewa tano, na ahadi ya kuzungumza tena. Nimeandika barua ndefu kwa mkubwa wangu, yenye kila siku ya zile 19 na gharama yake, na yule mzee wa chupa ya chai ameisaini pamoja nami.

Wakati huohuo, chipu ya zamani bado iko kwenye soketi yake maabara, tunaipasha joto, tunaituliza, tunaiamsha ghafla, tena na tena, bila ile programu ya zamu kisha ikiwa nayo. Jana nilipita kabla ya kuondoka. Saa 412 ikiwa nayo, tofauti sifuri. Nimeiacha iendelee.