Ardhi ya Kuukeni Isikatwe Vipande

Mjadala wa mirathi ukizuka kwetu, hakosi mtu wa kusema kwamba mwanamke asipewe ardhi kwa kuwa ataipeleka kwa watu, yaani kwa mumewe na wakwe zake. Nimelisikia neno hilo matangani, nimelisikia barazani, na nimelisikia hata vinywani mwa wanawake wenyewe. Wakulima wa Minangkabau, huko bara ya Sumatra Magharibi nchini Indonesia, walishalijibu zamani. Kwao anayeolewa hatoki nyumbani. Mume ndiye anayehamia. Shamba, nyumba na jina la ukoo hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na watu hao ni Waislamu wa kuswali na kufunga. Naandika kuutetea utaratibu huo wa kuukeni, yaani wa kurithi kwa upande wa mama, kwa sababu naona unabomolewa taratibu, kwa karatasi, huku watu wakipongezana kwamba ni maendeleo.

Moyo wa nchi yao uko mbali na bahari, kwenye mabonde yanayouzunguka Marapi, volkeno ya mita 2,891 ambayo haijalala. Desemba 2023 ililipuka na kuua wapanda mlima 24. Mei 2024 mvua kubwa ikashusha tope na mawe yake hadi vijijini na mashambani katika wilaya za Agam na Tanah Datar. Majivu ya mlima huohuo ndiyo yaliyoipa ardhi rutuba. Kijiji huitwa nagari, na kila nagari ina msikiti wake, baraza lake la wazee na majaruba ya mpunga yaliyochongwa ngazi kwa ngazi ubavuni mwa mlima, maji yakishuka kutoka jaruba la juu kwenda la chini. Pariangan, ambayo masimulizi ya kale huitaja kuwa nagari ya kwanza kabisa, inalima hivyo mpaka leo. Mpunga ukishavunwa wengine hupanda pilipili na mboga; kwenye miteremko kuna mdalasini. Si matajiri. Indonesia nzima, wakulima walio wengi hawafikishi hata nusu hekta.

Ardhi ndogo namna hiyo ukiigawa kwa watoto wote katika kila kizazi, wajukuu watarithi tuta moja moja. Vijiji vingi vya Java vimeshafika huko. Minangkabau hawagawi. Mali iliyoshuka vizazi vingi, ile wanayoiita pusako tinggi, ni ya kaum, yaani watu wote waliotokana na tumbo la bibi mmoja, na hakuna mmoja wao anayeweza kusema "hili langu". Kila mwanamke hukabidhiwa sehemu ya kulima na kulishia wanawe, na akifa sehemu hiyo hubaki kwa binti zake au dada zake. Mashamba yakiwa machache, madada hulima kwa zamu, huyu mwaka huu na yule mwaka ujao.

Msimamizi wa mali hiyo ni mjomba, wanayemwita mamak. Ndiye anayekaa barazani, anayesuluhisha ugomvi, anayejua mpaka ulipopita. Lakini anachokilinda si chake, wala hakitakuwa cha wanawe. Kitabaki kwa wapwa zake. Msemo wao unasema mtoto hupakatwa na mpwa huongozwa kwa mkono, na mwanamume wa kweli hutakiwa kuyafanya yote mawili. Mluguru wa Morogoro au Mmakonde wa Newala, ambao nao hufuata ukoo wa mama, hahitaji maelezo zaidi hapa, ameshaelewa.

Mume naye ana nafasi yake, ingawa si ya kuonewa wivu. Zamani alifika nyumbani kwa mkewe jioni na kuondoka asubuhi kwenda kulima kwa mama yake na dada zake. Wahenga wao walimfananisha na majivu juu ya kisiki: upepo ukivuma, hayupo. Wavulana waliokaribia kubalehe hawakulala katika nyumba kubwa ya ukoo. Walilala surau, nyumba ya ibada na masomo, kwa sababu vyumba vilikuwa vya dada zao na waume wa dada zao. Asiye na chumba wala shamba la kurithi husafiri. Ndiyo maana wanaume wa Minangkabau wametapakaa Indonesia nzima wakiuza chakula na nguo, na ndiyo maana kabila lililohesabiwa kuwa na watu zaidi kidogo ya milioni 6 katika sensa ya 2010 lilitoa wapigania uhuru wengi kupita wingi wake: Mohammad Hatta, makamu wa kwanza wa rais, Sutan Sjahrir, Tan Malaka, Haji Agus Salim. Wanawake walibaki na nchi, wanaume wakaenda kuitafuta dunia.

Kinachonigusa kuliko vyote ni sheria yao ya rehani, nami nitakaa hapo kidogo.

Pusako tinggi haiuzwi. Ikibidi sana huwekwa rehani, na desturi inataja sababu nne tu. Ya kwanza, maiti imelala katikati ya nyumba na hakuna cha kumzikia. Ya pili, binti amekomaa na hajaolewa kwa kukosa gharama. Ya tatu, nyumba kubwa ya ukoo inavuja. Ya nne, cheo cha mkuu wa ukoo kimezama kwa kukosa mtu wa kukishika, na ukoo unataka kukiinua tena. Hata hapo lazima kaum ikubaliane kwanza. Aliyetoa fedha hulima shamba hadi siku litakapokombolewa, na mara nyingi mwenye shamba hubaki humohumo akilima kwa kugawana mavuno naye. Deni lilihesabiwa kwa dhahabu, ili thamani ya sarafu ikishuka asidhulumiwe mtu. Tena mtoaji aliyependelewa ni ndugu au jirani wa nagari hiyohiyo, ili shamba lisipotelee mbali.

Zitazame sababu hizo nne. Zote ni heshima na stara ya watu wote wa nyumba ile. Hakuna hata moja inayomruhusu mtu kuchukua shamba la mama yake akanunulie pikipiki, au akafungulie biashara isiyo na mguu wala kichwa. Mimi nimeona mashamba ya minazi yakiuzwa Tanga kwa mambo madogo kuliko hayo, na mabibi waliozaliwa humo wakahamia vyumba vya kupanga mjini.

Serikali ya Indonesia iliingia katika jambo hili mwaka 1960. Sheria ya ukomo wa ardhi ya kilimo iliagiza kwamba shamba lililokaa rehani miaka 7 au zaidi lirudishwe kwa mwenyewe bila malipo, kwa hoja kwamba aliyelishika ameshavuna vya kutosha. Kwa mkulima wa Java aliyebanwa na mkopeshaji ilikuwa haki tupu. Lakini katika nagari, ambako aliyeshika rehani anaweza kuwa shangazi yako aliyekutoa aibuni, wengi waliona si uungwana kumnyang'anya, wakaendelea kukomboa kwa desturi. Nawaelewa.

Upinzani mkali zaidi dhidi ya mirathi hii ya kuukeni ulitoka Makka. Sheikh Ahmad Khatib, mzaliwa wa Agam mwaka 1860, aliyekuwa imamu wa Kishafi katika Msikiti Mtukufu na mwalimu wa waasisi wa Muhammadiyah na Nahdlatul Ulama, jumuiya mbili kubwa za Kiislamu za Indonesia, aliandika vitabu akisema kwamba kuwarithisha wapwa na kuwaacha watoto ni kula mali ya haramu. Hoja yake si ya kubezwa. Aya za mirathi ziko wazi, na mafungu yametajwa.

Hata hivyo mwanafunzi wake mmoja, Haji Abdul Karim Amrullah, maarufu kwa jina la Haji Rasul, aliliona kwa njia nyingine. Alisema mali hii haimilikiwi na mtu yeyote, kwa hiyo marehemu hakuwa na cha kuacha hapo. Imekaa kama wakfu. Akaifananisha na ardhi ya Khaybar ambayo Umar bin Khattab aliiweka wakfu, ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, watu wakala matunda yake. Mwezi wa Mei 1952 wanazuoni, wakuu wa koo na wasomi walikutana Bukittinggi wakakubaliana: pusako tinggi ifuate desturi, na mali ambayo mtu ameichuma kwa jasho lake igawanywe kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, watoto wake wapate mafungu yao.

Kwangu mimi uamuzi ule ni wa hekima kubwa. Haukumlazimisha mtu achague kati ya dini yake na bibi yake. Wala si jambo geni katika bahari yetu. Vuka maji uende Ngazidja, huko Komoro, utaikuta manyahuli, ardhi na nyumba zinazopita kwa wanawake, katika kisiwa ambacho hakuna anayeutilia shaka Uislamu wake. Waungwana wa Lamu nao walimpa binti nyumba anapoolewa, mume akahamia humo. Anayesema kwamba mwanamke Mwislamu kumiliki nyumba ya ukoo ni uzushi wa watu wa mbali hajaangalia jirani.

Kasoro zipo na ziko wazi. Wako wajomba waliokula amana, wakaweka rehani shamba la dada zao kimya kimya, na dada wakagundua siku mtu mgeni alipoingia na jembe. Ziko kaum zilizokosa binti, na ardhi yao ikawa vita baina ya matawi ya ukoo mpaka mahakamani. Mume akimjengea mkewe nyumba, huijenga juu ya ardhi ya ukoo wa mke. Wakiachana, yeye hutoka na nguo zake. Nyumba kubwa nyingi zenye mapaa kama pembe za nyati sasa hazina watu, kwa kuwa familia zimehamia vijumba vya matofali vya mume, mke na watoto. Na mjomba wa leo, mwenye ada za shule za wanawe mwenyewe, hana muda wa kuwaongoza wapwa kwa mkono.

Lakini ugonjwa huo unatibiwa kwa kumdhibiti mjomba. Haukuhitaji kuiondoa ardhi mikononi mwa kaum, jambo ambalo serikali moja baada ya nyingine imekuwa ikilifanya. Waholanzi katika miaka ya 1870 walitangaza kwamba ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni ya dola. Sheria ya Msingi ya Ardhi ya mwaka 1960 ikasema inaitambua ardhi ya jumuiya za kimila, ila kwa sharti kwamba isipingane na maslahi ya taifa, na sharti hilo ni pana kiasi cha kupitisha chochote. Sheria ya vijiji ya mwaka 1979 ikazikata nagari vipande ili zifanane na vijiji vya Java. Zilirudishwa mwaka 2000 baada ya Rais Suharto kuanguka. Sasa kuna kampeni ya kuipima ardhi ya nchi nzima na kutoa hati. Hati ya umiliki ikishaandikwa jina la mtu, inaweza kupelekwa benki kama dhamana ya mkopo, na benki haiulizi kama kuna maiti ndani ya nyumba au kama paa linavuja.

Watetezi wa hati husema kwamba mkulima bila hati hakopesheki. Hoja hiyo tunaijua vizuri Tanzania, ambako hatimiliki za kimila zimegawiwa vijijini kwa ahadi hiyohiyo. Nami nauliza: akikopa na mvua isinyeshe, nani analala njaa? Ardhi isiyouzwa haimtajirishi mtu, lakini siku mwanamke anapoachwa au biashara ya kaka yake inapofilisika mjini, kuna jaruba lenye maji na chumba cha kulala, na hakuna anayemwomba kodi.

Ziko jamii za Indonesia zilizopoteza kizuizi hicho bila hata kampuni wala serikali kuwasukuma. Katika milima ya Walauje, Sulawesi ya Kati, ardhi ilikuwa ya wote waliotokana na babu aliyeifyeka, na kila mjukuu aliweza kuomba mahali pa kulima mahindi na mpunga wa mlimani. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kupanda kakao wenyewe, kwa hiari yao. Mti wa kudumu ukaifanya ardhi kuwa ya aliyeupanda. Wengine walivuna na kununua zaidi, wengine waliuza walipougua au walipodaiwa, na haikuchukua hata miaka ishirini kabla ya ndugu wa damu kuwa vibarua wa ndugu zao, katika vilima walikozaliwa wote. Kibarua chenyewe kilikuwa haba. Hakukuwa na mahali pengine pa kwenda kufyeka.

Minangkabau bado hawajafika huko, na namna ya kuzuia ipo. Indonesia imeanza kutoa hati za pamoja kwa ardhi ya jumuiya katika Sumatra Magharibi, nami naunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote, ila kwa masharti. Hati iwe ya kaum nzima, na majina ya wanawake wanaolima humo yaandikwe pamoja na la mamak. Isikubalike kuwa dhamana benki. Rehani yoyote ipite mbele ya baraza la nagari, na wanawake hao waulizwe mmoja mmoja, kwa sauti na kwa sahihi, kabla ya wazee kutia zao.