Kadi Imeingia, Kioo Cheusi Tii!

Hivi nani aliwadanganya watu kwamba kadi ya grafiki (ile inayotoa picha kwenye kioo) ikiingia kwenye sloti ya kompyuta basi kazi imekwisha? Muulize muuzaji kama itakubali kwenye mashine ya 2011. Hapepesi macho: "Inakubali zote, bosi!" Zote zipi?

Ni kweli, sloti za PCIe (ndimo kadi inamochomekwa) za zamani na kadi mpya zinapokeana. Lakini sloti inatoa wati 75, basi! Kadi ikitaka zaidi inadai waya wake wa pini 6 au 8 kutoka kwenye pawasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Sasa zile kompyuta nyembamba za ofisini tunazonunua mitumba, zenye pawasaplai ya wati 240, waya huo utautoa wapi? Hata kwa dawa huuoni.

Haya, umepata kadi isiyodai waya. Bati lake la nyuma refu, kava halifungi! Umetafuta bati fupi (wauzaji wengi hulitupa pamoja na boksi), kumbe feni ni nene, imekalia sloti ya jirani na kukandamiza waya za diski. Umebana, umesukuma, umewasha. Feni inazunguka kwa mbwembwe, kioo kimya. BIOS (programu inayoiamsha kompyuta) ya kizamani na kadi ya kisasa wakati mwingine hazisalimiani.

Na wajuaji hawakosi: "Si ununue kompyuta mpya?" Jamani, ningekuwa na hela hiyo, ningepiga magoti chini ya meza huku nimeng'ata simu iwe tochi?